Wasichana wa Juu ya Mabati

Émerance hakwenda soko la Kenya, ule mtaa wa mjini kwao, kutafuta mwanaume. Alikwenda kupanga foleni ya kununua umeme, na kama kuna mahali ambapo mapenzi hayana haki ya kuanzia, ni pale mbele ya kidirisha chenye vyuma, mwezi wa saba, upepo ukimwagia kila mtu vumbi jekundu bila upendeleo. Cherehani yake ya umeme ilikuwa imenyamaza tangu mwanzo wa wiki. Gauni la bibi harusi wa watu lilikuwa limelala mezani likiwa na mkono mmoja, na mwenye gauni alikuwa akipiga simu kila mara kwa sauti kali zaidi.

Siku hiyo alivaa kitenge cha kijani alichokishona mwenyewe, kimebana kiunoni na kuachia chini, na sweta nyeusi mabegani kwa ajili ya baridi ya asubuhi. Alikuwa amefika umri ule ambao mashangazi huacha kuuliza lini na kuanza kuuliza kwa nini. Alilijua hilo, na ndiyo maana alikuwa mkali kidogo kwa wageni.

Kijana mmoja alikuwa akipita kando ya foleni akigawa vikaratasi. Shati jeupe lililopigwa pasi, kofia ya njano yenye picha ya jua, na viatu vinavyong'aa. Mwanaume anayeng'arisha viatu katika mwezi wa vumbi ana jambo analolitafuta, lakini Émerance hakuliwaza hilo wakati ule. Aliwaza tu kwamba ni viatu vizuri.

"Mama, weye unapanga mulongo ya nini?" kijana akamwuliza.

"Nani eko mama yako?"

"Basi, mademoiselle. Unapanga mulongo ya kuran, umeme ya nguzo, na kuran yenyewe haiko. Utalipa, utarudia ku nyumba, utakaa mu giza na karatasi ku mukono."

"Na weye uko napanga ya nini?"

"Miye minapanga ya kukuona weye."

Wanawake wa nyuma wakacheka. Émerance alijizuia, lakini mdomo ulimsaliti upande mmoja, na kijana akauona.

"Unanijua?" akauliza.

"Sikujui."

"Haina neno. Ntakuya kwenu, utanijua."

Akaja kweli, kesho yake, saa ambayo baba mtu huwa barazani. Jina lake lilikuwa Jérémie, mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo, watu wa malori na maghala. Yeye peke yake katika ukoo ndiye aliyeacha magunia akaenda kuwa muuzaji wa kampuni ya umeme wa jua. Kazi yake ilikuwa kuingia nyumba kwa nyumba na kuwashawishi watu waachane na umeme wa nguzo, wachukue abonema ya jua: paneli juu ya bati, betri na kisanduku ukutani, na malipo ya kila mwezi.

Baba yake Émerance, mzee Rigobert, alikuwa fundi wa reli hadi alipostaafu, na baba yake kabla yake pia. Alimsikiliza kijana hadi mwisho akiwa na rozari kiganjani, kisha akasema, "Jua ni ya Mungu. Banani banawapa ruhusa ya kuuzisha jua?"

"Hatuuzishe jua, papa. Tunauzisha kintu ya kuikamata."

Mzee akatabasamu, na huyo si mtu wa kutabasamu ovyo. Lakini jambo lilikuwa zito. Katika avenue yao, yaani mtaa wao, nafasi kwenye nguzo ni kama kiti kanisani siku ya Pasaka: ukiinuka tu, mwingine amekaa. Nyumba ikikata waya wake, nyumba mpya ya nyuma itafunga wa kwake siku hiyohiyo, na kurudi hakuna. Mzee Rigobert aliupata waya ule alipokuwa bado kijana kazini. Alimwangalia binti yake, akaona namna binti alivyokuwa akimwangalia kijana, na hapo akauliza swali lililokuwa la maana kuliko betri na kisanduku.

"Mutoto, ukipanda ku tole yangu, ku bati, utashuka kama agent, ao utashuka kama mutoto yangu?"

"Kama mutoto yako, papa."

Alijibu haraka mno. Wauzaji wazuri wote hujibu haraka. Juma lililofuata waya wa zamani ulishuka, ukakunjwa na kuwekwa chini ya kitanda cha mzee, na cherehani ya Émerance ikaanza kunywa jua.

Mapenzi nayo yakapanda kasi. Jérémie alikuwa na programu katika simu yake iliyomwonyesha kila nyumba aliyoifunga, inapata umeme kiasi gani na inatumia kiasi gani, na aliitumia programu hiyo kama wengine wanavyotumia maua.

"Umeamuka, chérie?" angepiga asubuhi.

"Umejua namna gani?"

"Minaona ku telefone. Mashini yako iko nakunywa. Uko nashona nini?"

"Jipe, sketi ya mama moja munene."

"Na yako utashona lini?"

"Unilete kwanza kitambaa."

"Nitakuletea na tonton yangu, mujomba, juu yake."

Émerance alicheka hadi akajichoma sindano. Alimpenda, tuseme wazi. Alimpenda kwa namna ya mtu aliyekwisha kujizoesha kwamba hatapenda, na hiyo ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu haina akiba.

Ikabaki kazi moja, ya kufuta paneli. Vumbi la kiangazi likitanda juu yake, umeme hupungua, na taa ya kisanduku hugeuka kutoka kijani kuwa nyekundu. Jérémie alimnunulia kitambaa laini cha bluu na kumfundisha jinsi ya kufuta bila kukwaruza.

"Kila siku ya posho asubui upande ku bati, ufute," akamwambia. Wazee wa mji ule waliita Jumamosi siku ya posho, na yeye mgeni alikuwa amelipenda neno. "Ukifuta, chiffre yako, namba ya kuran, inapanda huku kwangu. Miye nikiiona inapanda, ninajua Émerance wangu eko nanifikiri. Na ntakuita palepale."

Na kweli alipiga. Kila Jumamosi Émerance alipanda ngazi akiwa na kilemba kizuri na hereni, kwa ajili ya kufuta vumbi, na simu ililia kabla hajamaliza. Baba yake alimtazama kutoka chini na kutikisa kichwa. Alikuwa na furaha mzee yule, ila alikuwa anaificha.

Wakati huohuo Plamedie, msichana wa nyumba ya nne, alikuja kuagiza gauni. Mtoto mzuri, mwenye kucheka kwa urahisi, muuza vitumbua.

"Yaya Émerance, dada mukubwa, unishonee ya kuvala siku bantu bakuya kwetu."

"Bantu gani?"

"Ba fiancé wangu. Ni mutu ya Butembo."

"Ile Butembo inatuletea bachumba kama matunda," Émerance akasema, akacheka, akampima kifua. Hakuuliza jina. Mwenye furaha yake haulizi sana.

Jumamosi iliyofuata alichelewa. Mvua ya kwanza ilikuwa imetishia bila kunyesha na anga lilikuwa safi mno. Alipanda na kitambaa chake cha bluu, akaanza kufuta, na simu ikalia.

"Chérie, chiffre yako iko napanda. Uko nanifikiri?"

"Hapana. Niko nafikiri vumbi."

"Muongo. Ngojea, réseau iko mubaya, ntakuita kisha."

Akakata. Émerance aliinua macho akiwa bado anatabasamu. Juu ya bati la nyumba ya pili Syntiche, msichana jirani aliyeimba kwaya kanisani, alikuwa amepiga magoti mbele ya paneli na kitambaa cha bluu mkononi. Simu yake ikalia. Syntiche akaipokea, akainamisha shingo upande kama wanavyofanya wanawake wanaoambiwa maneno matamu. Akasema maneno machache, akacheka, akaishusha simu. Na juu ya bati la nyumba ya nne Plamedie akaipeleka ya kwake sikioni.

Émerance akakaa chini juu ya bati lenye joto. Plamedie alipomaliza, ng'ambo ya barabara Mapalo, mtoto wa mjane, mwenye aibu ambaye hata salamu hakuitikii ukiwa umbali wa hatua mbili, alikuwa akiongea na simu kwa mikono miwili.

Jua lile lile liliwaangaza wote wanne, na wote walikuwa wamejipamba.

Uchungu wa Émerance haukuwa na kelele. Hakulia. Alimalizia kufuta paneli, kwa sababu nyumba inahitaji umeme hata siku ya aibu, akashuka, akaenda nyumba ya nne.

"Fiancé wako anaitwa nani?"

Plamedie akamtajia. Kisha akauona uso wa Émerance, na kikapu cha vitumbua kikamponyoka.

Wasichana wote wanne walipokutana jioni, wangeweza kuamua kumkusanyikia Jérémie njiani na kumchania shati. Syntiche alipendekeza hivyo, kwaya au si kwaya. Émerance akakataa.

"Shati atapata ingine. Mungojee. Ameniambia analeta tonton yake kwa papa yangu. Balete."

"Kwako weye?" akauliza Mapalo kwa sauti ndogo. "Kwangu hajasema siku."

Hapo ndipo palikuwa na jambo ambalo Émerance hakutaka kulitazama. Jérémie alikuwa ametaja siku kwake tu. Wale wengine walikuwa na maneno matamu na kitambaa cha bluu, na Plamedie alikuwa na gauni aliloagiza kwa matumaini yake mwenyewe. Émerance alilielewa hilo vizuri. Akalikunja, akaliweka mbali, akarudi kwenye cherehani.

Majuma yale ya kungoja aliyaishi kama mwigizaji. Simu ilipolia, alikuwa mtamu.

"Chérie, unanipenda?"

"Sana."

"Sauti yako iko sawa na ya mugonjwa."

"Ni vumbi."

Jérémie, kwa upande wake, alikuwa ameanza kuogopa kumpoteza, na woga huo ulimfanya awe mtu. Kampuni ilitaka wateja wasirudi nyuma, na mkubwa wake alikuwa amewafundisha mawakala wapige simu, wabembeleze, wakumbushe kufuta. Yeye alikuwa na sauti nzuri, akaona binti wa nyumba akipenda, nyumba nzima haitoki. Ilianza kama mbinu na avenue nzima ikajaa paneli na vitambaa vya bluu. Kisha akaingia nyumba ya fundi wa reli na mbinu ikamgeukia. Mtu akizoea kusema uongo mtamu, akiupata ukweli mtamu hana maneno mengine ya kuusemea.

Siku ikafika. Mjomba wake, mzee Vital, alishuka kwenye gari kubwa jeupe akiwa na suti ya kijivu na fimbo, nyuma yake wanawake wawili wa ukoo wenye vitenge vya sare, kreti za bia, mbuzi, na sanduku la nguo za mashangazi. Mzee Rigobert alivaa koti lake la kazini la zamani, lenye vifungo vya shaba vilivyosuguliwa. Sebule ilijaa mashangazi. Kisanduku ukutani kilikuwa kijani. Jérémie alikaa karibu na mlango, viatu vinang'aa.

Chumbani Émerance alikuwa akiwafunika wale wasichana watatu. Desturi ni kwamba bibi harusi hatoki wa kwanza. Wanatolewa kwanza wengine, wamefunikwa kitenge kichwa mpaka miguu, na kila mmoja akifunuliwa ukoo wa mwanaume unasema si huyu, unaweka kitu kidogo sahanini, watu wanacheka, hadi anapotoka mwenyewe. Ni mchezo, na kila mtu anaupenda. Vitenge vya kufunikia Émerance alivishona yeye, vyote vya kitambaa kimoja, vya bluu.

Plamedie alimshika mkono. "Yaya, tuache."

"Juu ya nini?"

"Alikuya kwetu juzi. Kwa sisi bote alikuya. Alipiga magoti mbele ya mama, akasema alikosa, akasema ni weye tu njo anapenda. Alilia, yaya. Miye nilimuona."

Pini ilikuwa mkononi mwa Émerance. Angeweza kuichomoa. Sebuleni mashangazi walikuwa wameanza kuimba, na sauti ya baba yake ilisikika ikicheka, kicheko kirefu ambacho hakikusikika nyumbani mle tangu mama alipozikwa.

"Ao weye uliacha kulia?" akamwuliza.

"Hapana."

"Basi simama muzuri." Akaichoma pini.

Wa kwanza akatolewa. Mzee Vital, mchangamfu, aliinuka na fimbo yake, akafunua kitenge. "Huyu ni muzuri, lakini hapana huyu," akasema kama inavyotakiwa, akaweka kitu sahanini.

"Mwulize mutoto yako, papa," Syntiche akasema kwa sauti ileile ya kwaya. "Yeye ananijua. Kila siku ya posho alikuwa ananiita chérie."

Mashangazi wakacheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Jérémie hakucheka. Akatolewa wa pili, na Plamedie alikuwa amevaa chini ya kitenge lile gauni lake la kupokea wageni. Hakusema lolote ila "ananijua," akaanza kulia, na kicheko kikakatika sebuleni. Wa tatu hakungoja kufunuliwa. Mapalo alijifunua mwenyewe, na yule mtoto wa aibu akamtazama Jérémie usoni kwa mara ya kwanza pasipo simu katikati yao.

"Ulikuwa unaniambia miye njo wa peke," akasema.

Jérémie akasimama. "Émerance," akaita kuelekea chumbani. "Émerance, toka. Bale balikuwa kazi. Unasikia? Balikuwa kazi. Weye hapana."

Lilikuwa neno la kweli, pengine la kweli kuliko yote aliyowahi kusema katika avenue ile, na alilisema mbele ya wasichana watatu waliosimama wamefunuliwa. Mapalo alilisikia neno kazi. Aliinama kama mtu anayeokota kitu, akatoka nje na kitenge kikiburuzika.

Émerance akatoka. Hakuwa amefunikwa. Alivaa lile gauni la kijani la siku ya foleni. Mzee Vital alimwangalia mpwa wake, akaangalia sahani, akasema polepole, "Mutoto wa kike, huyu kijana tulimutafutia bibi kule kwetu, bintu yote ilikuwa tayari. Alikataa juu yako. Amekosa, ninaona. Lakini alikataa juu yako."

Mzee Rigobert, kwa sababu alikuwa mtu wa kumaliza kazi iliyoanzwa, akauliza swali ambalo baba huuliza siku hiyo kabla bia haijafunguliwa. Sauti ilimtoka kavu, na ndani yake kulikuwa na ombi.

"Émerance, mwana wangu. Hawa bantu bamekuya juu ya huyu kijana. Unamujua?"

Jérémie alimtazama. Macho yalikuwa mekundu, na alikuwa mzuri hata hivyo. Kila kitu ndani ya Émerance kilisema namjua, namjua anavyocheka, namjua anavyovuta pumzi kabla ya kusema chérie, na ukweli ni kwamba angemsamehe. Angemsamehe kabla mvua hazijakolea. Ndiyo maana alijibu haraka.

"Simujui, papa."

Neno hilo likisemwa mbele ya koo mbili, hakuna wa kulirudisha. Wanawake wa ukoo wakaanza kubeba kreti. Mbuzi alifunguliwa kutoka mguu wa meza. Jérémie alibaki amesimama hadi mjomba wake alipomshika kiwiko kama anavyoshikwa mgonjwa, na walipofika mlangoni hakugeuka.

Mzee Rigobert alivua koti lake, akalikunja. "Ungesema mbele ya leo," akamwambia binti yake. "Ku miye peke yangu. Ningemukatala miye, na aibu ingekuwa yangu." Akachukua rozari yake, akaenda kukaa barazani.

Mawakala huhamishwa, na Jérémie akahamishiwa Kasumbalesa, kwenye maduka ya mpakani. Wasichana hawakuja tena kushona. Walichotaka wao ni kumwona Jérémie akiaibika, na walipomwona ndipo walipogundua kwamba nao walikuwa wamesimama mle ndani wakiaibishwa. Plamedie alilirudisha gauni likiwa limekunjwa vizuri, bila salamu.

Jumamosi ya kwanza Émerance hakupanda. Ya pili pia. Vumbi la mwisho wa kiangazi likatanda, kisanduku kikawa chekundu, na cherehani ikazimika katikati ya pindo la sketi ya mtu. Nguzoni, waya wa nyumba ya nyuma ulikuwa umekaa pale ulipokuwa wao. Mzee Rigobert akainuka barazani, akaenda nyuma ya nyumba, akaleta ngazi mwenyewe na kuiegemeza ukutani. Kisha akarudi kukaa.

Akapanda, bila hereni. Juu ya mabati mengine walikuwepo wote watatu na vitambaa vyao vya bluu, na hakuna aliyeinua kichwa kumsalimu. Émerance akaanza pembe ya juu, akafuta taratibu bila kukwaruza, kama alivyofundishwa. Alijua kwamba katika simu fulani kule mpakani, kama mwenyewe hajaifuta ile programu, tarakimu ilikuwa ikipanda, na kuna mtu mmoja tu duniani anayejua kuisoma.

Alipomaliza, paneli iling'aa. Aliitoa simu mfukoni, akaiweka juu ya bati kando ya goti, akangoja. Baba yake alimwita ashuke, uji unapoa. Simu haikulia. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta tena pale palipokwisha kuwa safi.